Tukubali rangi kwenye njia ya miguu, au tuidai barabara yenyewe?

Ndugu washauri,

Nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kujitolea katika kamati ya mtaa inayoshughulikia njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Tuko 11, na huu ni mwezi wa 14. Tunakutana kila mwezi kwa saa mbili na nusu, na hadi leo sijaona hata jiwe moja la ukingo likihamishwa.

Tatizo letu ni barabara moja ya kilomita 1.4, kutoka shuleni hadi kituo cha mabasi. Kutoka ukingo hadi ukingo ina mita 11: leni mbili za magari, na maegesho pande zote mbili. Njia ya miguu ina mita 2.1 kila upande. Watoto wanavuka wakichomoza katikati ya magari yaliyoegeshwa, na wenye baiskeli wanapita wamebanwa kati ya magari yanayokwenda na milango ya yaliyosimama.

Tumeandika barua tatu kuomba "barabara salama kwa wote". Zote zilijibiwa kwa heshima, zikaishia hapo. Mwezi uliopita mhandisi wa halmashauri alituletea pendekezo: wachore alama ya baiskeli juu ya njia ya miguu, pande zote mbili, kazi ya wiki mbili. Mwenyekiti anasema tukubali, kidogo si haba. Mjumbe mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu amesema likipita hilo, yeye anatoka. Mwingine, mwendesha baiskeli hodari, haoni haja ya njia maalumu hata kidogo. Wenye maduka nao wamesikia fununu kwamba tunataka kuondoa maegesho, wameanza kukusanya saini. Nilipomuuliza mhandisi kuhusu barabara yenyewe, alisema haina bajeti, na kwamba hata hivyo itawekwa lami upya mwakani.

Je, tuikubali rangi? Wenye maduka tuwaambie nini? Na mimi nibaki, au niwaachie wenye moyo zaidi?

Mjumbe aliyechoka na vikao

*

Ndugu Mjumbe,

Habari kubwa kuliko zote umeiweka mwishoni, kama jambo la kupitia tu: barabara itawekwa lami upya mwakani. Hilo ndilo la kushika. Rangi ya njia ya miguu ikataeni, na nguvu zenu zote zipelekeni kwenye mchoro wa alama za barabara utakaotumika baada ya lami mpya.

Sababu ni hii. Lami mpya inafunika mistari yote ya zamani. Ni lazima ichorwe upya, na fedha za kuichora zimo ndani ya kazi hiyo hiyo. Kuusogeza mstari nusu mita kushoto au kulia wakati huo karibu hakuongezi gharama. Mkichelewa, mistari itabidi ikwanguliwe kwa mashine, kazi inayoacha makovu kwenye lami. Usiku wa mvua kovu hilo hung'aa kama mstari, na dereva hajui afuate upi. Kwa hiyo mhandisi akisema "hakuna bajeti" anasema kweli kuhusu mradi mpya wa peke yake. Kuhusu kuibadilisha kazi ambayo tayari ina fedha, bado hajaulizwa.

Mwandikieni wiki hii barua ya ukurasa mmoja yenye maswali manne tu. Mchoro wa alama unafungwa tarehe gani? Nani anautia sahihi? Mkandarasi anakabidhiwa kazi lini? Na mchoro umekusudia magari yaende kwa kasi gani? Tarehe ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ombi likifika baada ya mchoro kufungwa huhesabiwa kuwa mabadiliko ya mkataba, na hapo hata mhandisi mwenye nia njema hufungwa mikono. Kamati nyingi hufia hapo: wana hoja nzuri, lakini wanaifikisha siku mkandarasi ameshashusha mitambo.

Sasa hiyo rangi. Mwenyekiti wenu ana nia njema, lakini "kidogo si haba" haifanyi kazi mahali ambapo hicho kidogo kinaziba nafasi ya kikubwa. Chukueni futi mkapime njia ya miguu palipo na nguzo, msipime sehemu iliyo wazi. Ondoeni sentimita 50 za nguzo na vibao, kisha sentimita 30 za ukutani ambako hakuna anayepita bega likigusa. Kati ya mita 2.1 mnabaki na 1.3. Kiti cha magurudumu kina upana wa sentimita 70 hivi. Baiskeli inayotembea inahitaji mita 1, maana usukani peke yake unafika sentimita 60 na haiendi moja kwa moja kama reli. Jumla ni mita 1.7 ndani ya nafasi ya 1.3. Mwenzenu aliyesema atatoka ameshaifanya hesabu hii kwa mwili wake. Asiyeona ndiye anayeumia zaidi: baiskeli haina mlio wa kumwonya, na pale alipozoea kuwa salama ndipo inapomjia kwa nyuma. Alama zile zikishachorwa, barabara yenu itaandikwa kwenye taarifa kuwa ina njia ya baiskeli, na jina lake litatoka kwenye orodha ya zinazosubiri.

Msikatae mikono mitupu. Siku ile ile ya kukataa pelekeni mbadala wenye vipimo, na kabla ya hapo kaeni na mchoro wa mkato wa barabara, yaani unaoonyesha upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, kalamu na mita zenu 11.

Hivi sasa mnazo leni mbili za mita 3.5 na safu mbili za magari yaliyoegeshwa, mita 2 kila moja. Leni ya mita 3 inatosha kwenye mtaa wa mwendo wa kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Basi likipita hapo kila dakika chache, ombeni 3.25. Kupunguza leni peke yake kunawapa mita 1 nzima. Mkibakiza safu zote mbili za maegesho, hakuna njia ya baiskeli, na msidanganyane juu ya hilo. Mkiondoa safu moja mnapata mita 3. Mkizigawa mita 1.5 kila upande, mwenye baiskeli wa upande uliobaki na magari atakuwa anapita ndani ya eneo la milango, na mlango wa gari ukifunguliwa unameza karibu mita 1. Mkiondoa zote mbili, mita 5 zinabaki: 2.5 kila upande, yaani njia ya mita 1.9 na nafasi ya sentimita 60 ya kuweka kizuizi kati yake na magari. Hapo hata mtoto wa miaka 10 anaweza kupita.

Mtaona kwamba kinachowagombanisha si baiskeli. Ni maegesho. Mwacheni mwendesha hodari aendelee kupita anapopita. Njia hii haijengwi kwa ajili yake, inajengwa kwa ajili ya wale ambao leo hamwaoni barabarani kabisa kwa sababu wanaogopa. Hilo likumbukeni pia mtakapohesabu: baiskeli 12 kwa saa kwenye barabara ya kutisha hazithibitishi kwamba watu hawataki baiskeli.

Kwa kuwa ugomvi ni wa maegesho, hesabuni maegesho kabla ya kumwambia mwenye duka neno lolote. Chagueni siku mbili za katikati ya wiki na Jumamosi moja. Kila baada ya dakika 30 mtu apite na daftari, aandike tarakimu tatu za mwisho za kila gari na mahali lilipo. Baada ya saa 8 mtajua ni magari mangapi yamekaa hapo kutwa nzima. Mara nyingi mengi huwa ya watu wanaofanya kazi humo humo madukani, na kila moja limeziba nafasi ambayo ingepokea wateja kadhaa. Daftari hilo likishafanya kazi yake litupeni, maana namba za magari ya watu si za kutunzwa.

Kisha simameni milangoni mwa maduka, kwa ruhusa ya wenyewe, mkawaulize wateja swali moja: umefikaje hapa? Kabla ya hapo, mwombeni kila mwenye duka akisie jibu, na kisio hilo liandikwe mbele yake. Utafiti uliotolewa Berlin mwaka 2021 ulifanya hivyo kwenye mitaa miwili ya biashara. Wenye maduka walikisia kwamba zaidi ya mteja 1 kati ya 5 huja kwa gari, na ikaonekana ni kama 1 kati ya 15. Mtaa wenu unaweza kuwa tofauti, ndiyo maana namba za Berlin hazitoshi na lazima mpate zenu. Mkikuta kweli nusu ya wateja wanakuja kwa magari, semeni hivyo waziwazi na mbadilishe mchoro. Kamati inayoficha namba isizozipenda haiaminiki tena hata siku ina haki.

Hoja moja ya wenye maduka msiipinge: mizigo. Gari la kushusha bidhaa halina mahali pengine pa kwenda, na lisipopewa nafasi litasimama juu ya njia ya baiskeli kila asubuhi. Waulizeni kila duka mzigo hufika saa ngapi na kwa gari la ukubwa gani. Kisha choreni kituo cha kushushia mizigo, mita 12 hadi 15 kwa urefu, kwenye mtaa wa pembeni au mahali ambapo njia ya baiskeli inaweza kupita nyuma yake. Mkifika kwenye mkutano mkiwa na saa za mizigo za kila duka kwenye karatasi, hali ya hewa ya mkutano hubadilika. Saini nyingi hutoka kwa watu ambao hakuna aliyewauliza chochote.

Kuna kazi ambayo haina haja ya kungoja lami, nayo ni vivuko. Piga magoti pembeni ya gari lililoegeshwa mita moja kutoka kivukoni, macho yako yafike usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba. Huoni kitu. Ili aone leni, mtoto huyo lazima atoke hadi mwisho wa gari, mita 2 ndani ya barabara, na dereva naye anamwona wakati huo huo na si kabla. Piga picha ukiwa hapo hapo chini. Ielekeze kwa mhandisi bila maneno mengi. Ombeni maegesho yazuiwe mita 10 kabla ya kila kivuko na kila makutano, kwa rangi na vigingi. Rangi peke yake haitoshi, itaegeshewa ndani ya wiki. Mji wa Hoboken, Marekani, uliifanya hatua hii kuwa desturi kwenye makutano yake, pamoja na hatua nyingine kama kupunguza kasi, na tangu Januari 2017 ulikaa zaidi ya miaka 7 bila mtu kufa barabarani.

Nafasi ile ile inaweza baadaye kugeuzwa ukingo uliosogezwa mbele. Leo anayevuka mita 11 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde anakaa barabarani sekunde 9. Mzee wa mwendo wa mita 0.9 anakaa 12. Ukingo ukisogezwa mita 2 kila upande wanabaki na mita 7 za kuvuka, na mzee huyo anapita kwa chini ya sekunde 8. Lakini angalieni: ukingo uliosogezwa bila kuacha pengo la mita 1.5 kwa baiskeli humsukuma mwendeshaji mbele ya gari pale pale kivukoni. Kosa hili hurudiwa sana, kwa sababu anayechora vivuko na anayechora njia za baiskeli mara nyingi si mtu mmoja.

Kasi pimeni wenyewe. Wekeni alama mbili za chaki zilizoachana mita 50 kamili. Mmoja asimame sawasawa na alama ya kwanza na kushusha mkono gari likiigusa, mwingine asimame sawasawa na ya pili akiwa na saa ya simu. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni 50. Asiyesimama sawasawa na alama huiona mapema au kwa kuchelewa, na nusu sekunde hapa inaharibu kipimo chote. Pimeni magari 100 yanayokwenda bila kuzuiwa na lililo mbele, yapangeni kuanzia la polepole, kisha tazameni la 85. Hiyo ndiyo namba wahandisi wanayoizungumza, nanyi mkiitaja mtasikilizwa tofauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililoungwa mkono na Umoja wa Mataifa mwaka huo huo, linataka kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika mara kwa mara. Barabara ya shule ni mahali hapo.

Mvua ikinyesha, tokeni na chaki tena. Zungushieni kila dimbwi mstari kabla halijakauka na mpige picha. Mtashangaa ni madimbwi mangapi yako mguuni mwa mteremko wa kiti cha magurudumu. Safu mpya ya lami huongeza sentimita 4 au 5, na ikimwagwa juu ya ile ya zamani bila kuikwangua kwanza, mteremko uliokuwa sawa na barabara unageuka kuwa shimo la maji au kizingiti. Andikeni kwenye ombi: lami ya zamani ikwanguliwe pembezoni, miteremko isizidi uwiano wa 1 kwa 12, yaani sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu, na chini pasiwe na kizingiti. Na vyuma vya mitaro ambavyo mianya yake inaelekea upande wa mwendo vigeuzwe, maana gurudumu jembamba linazama humo na mwendeshaji anarushwa mbele. Siku ya lami vyuma hivyo mara nyingi hunyanyuliwa, kwa hiyo kuvigeuza ni kazi ya dakika.

Mhandisi akisita kuhusu maegesho, ombeni jaribio la miezi mitatu hadi sita kwa vitu vinavyohamishika: koni nzito, vyungu vikubwa vya miti, vigingi vya plastiki. Jaribio lifunike barabara yote kutoka shuleni hadi kituoni. Mita 300 za katikati zinazoanzia hewani na kuishia hewani hazitapata waendeshaji, na matokeo yake yatatumika dhidi yenu. Sevilla, Hispania, walianza na mtandao uliounganika wa karibu kilomita 80, uliojengwa kwa miaka michache tu, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Acheni angalau mita 3.5 za gari la zimamoto. Na pimeni kasi na idadi ya watu kabla hamjaweka koni ya kwanza, kwa vipindi vya dakika 15, kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, shule zikiwa wazi. Bila kipimo cha kabla, cha baada hakisemi kitu.

Kuhusu kamati yenyewe. Saa mbili na nusu kwa watu 11 ni saa 27 na nusu za kujitolea kila mwezi, na zinaishia kwenye maneno. Punguzeni kikao kiwe saa moja. Dakika 10 za mwanzo zipitie jedwali lenye safu tatu: kazi, jina la mtu mmoja, tarehe. "Kamati itafuatilia" isiandikwe kamwe, kwa sababu haina mtu. Muda uliookolewa utumieni barabarani, wawili wawili, mkihesabu na kupima. Mjumbe mwenye kiti cha magurudumu apewe nguvu rasmi: hakuna mchoro unaotoka kwenye kamati kabla hajaukagua wote, mwanzo hadi mwisho wa njia.

Kuhusu kuondoka kwako, tunakuomba ubaki mpaka mchoro ufungwe. Si kwa sababu ya wajibu. Ni kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza na kupata jibu la lami, na taarifa kama hiyo hupotea mtu anapotoka. Kama umechoka na vikao, omba kazi moja yenye mwisho, ile ya kufuatilia tarehe za mhandisi, na vikao viwili vijavyo usihudhurie.

Na siku mkandarasi atakapopita na kamba kuweka nukta nyeupe za awali, kabla ya rangi yenyewe, uwepo na futi yako. Pima kila baada ya mita 50, na zaidi kwenye makona. Nukta zikisoma mita 1.6 mahali pa 1.9, mpigie mhandisi simu ukiwa umesimama hapo hapo, maana nukta hufutika kwa kiatu, lakini rangi ya moto ikishamiminwa mtaishi nayo mpaka lami nyingine.

Wenu,
Washauri wa safu